Tupeane uzoefu: joto kali kuliko yote uliyowahi kuishi nayo, ilikuwaje?

MwanaPangani
Wakuu salaam. Jana dada yangu yuko Kuwait kanitumia voisi, anaongea huku anahema utadhani kapanda ngazi gorofa kumi, ananiambia kaka leo nimetoka nje kutupa taka tu, dakika mbili, nimerudi naona nyota. Ikanirudisha Oman mwaka 2018, nikasema ngoja niandike na wengine mseme.

Nilikuwa Quriyat, mji wa wavuvi pwani, kusini mashariki ya Muscat, tunamjengea mtu nyumba. Kule mwezi wa 6 mpaka wa 8 kazi ya juani inasimama kisheria saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu, kwa hiyo sisi tulianza saa kumi na moja alfajiri. Mchana tulishauzoea. Kilichotumaliza ni usiku wa tarehe 26 mwezi wa 6. Kawaida jua likizama unapata upepo wa bahari kidogo, siku ile upepo ulitoka nchi kavu, wa moto kama umefungua tanuri la mikate. Baadaye ndio tukasoma kwamba saa 24 nzima kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6. Usiku wa manane 42.6! Nondo tulizoacha nje, saa tano usiku bado hushiki kwa mkono mtupu. Chumba kimoja watu sita, AC inapuliza vuguvugu, tukamwaga maji sakafuni tukalala juu yake, nusu saa sakafu imekauka tunamwaga tena.

Jirani yetu alikuwa bibi mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Akagonga na ndoo ya barafu na laban, yaani mtindi mwepesi wa kunywa, ya chumvi, akasema "wanangu njooni mlale ukumbini kwangu, humo mtakufa". Tulilala kwake siku tatu. Mungu amlipe popote alipo.

Haya, nani mwingine?

Kijukuu_Mzizima
42 usiku?? Hapana aisee. Dar mwezi wa 2 umeme ukikatika hiyo 28 ya usiku na fukuto lake tu nyumba nzima tuko macho.

Binti Kigoma
Mwambie dada yako pole, mimi nimemaliza miaka minne huko huko Kuwait kazi za ndani, namwelewa kila neno. Watu hawajui, kule ndiko kuna sehemu inaitwa Mitribah ilipimwa 53.9 mwaka 2016. Mimi kilichonitesa mwanzo ni maji. Tangi liko juu ya paa, jua linalipiga tangu asubuhi, ukifungua bomba la maji baridi yanatoka ya kuchomea kuku manyoya. Mara ya kwanza niliungua mkono nikalia. Mfilipino niliyemkuta pale ndiye akanifundisha: zima hita ya bafuni, ile ya ndani, acha maji yakae humo chumba kina AC yapoe, halafu kuoga unafungua bomba la MAJI YA MOTO. Yaani kiangazi mabomba yanageuka, la moto ndio baridi na la baridi ndio moto. Dada yako kama hajaambiwa mwambie leo.

MwanaPangani
Duh hii hata mimi sikuijua, sisi tulikuwa tunachota usiku tunaweka kwenye ndoo ndani.

Soja wa Doha
Aki nyinyi mlikuwa na bibi wa kuwapatia barafu. Mimi nilikuwa soja Qatar, kampuni nawacha jina. Kule kutoka tarehe 1 mwezi wa 6 hadi 15 mwezi wa 9 kazi ya nje inakatazwa saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu, na watu wa mjengo kweli walikuwa wanaondolewa, basi linawachukua, site inabaki kimya. Anayebaki ni nani? Soja wa geti. Supavaiza anasema wewe hufanyi kazi, wewe umesimama tu. Nimesimama kwa kibanda cha mabati, kiatu kilibandukana soli nikiwa nimekivaa, gundi iliyeyuka. Na Doha si joto kavu, ni unyevu, jasho linatoka halikauki, linakuteremkia tu hadi ndani ya soksi. Siku moja nikajikuta naongea na mamangu na yeye yuko Machakos. Mshkaji wa zamu nyingine ndiye alinipata nimekaa chini naongea peke yangu, akanimwagia maji. Nilirudi nyumbani mwezi huo huo, hata mshahara wa mwisho sikungoja.

Chuma cha Reli
Poleni wa Arabuni, huko naelewa. Wanaonishangaza ni wale wa Ulaya, 35 tu taifa linatangaza hatari. Mtu kazaliwa Tanga kaenda Uingereza miaka mitano na yeye analalamika joto. Mwafrika joto haliwezi kumfanya kitu, damu yetu imeshazoea.

Mswahili wa Leeds
@Chuma cha Reli ndugu yangu usiongee usichokijua. Tarehe 19 mwezi wa 7 mwaka 2022 Coningsby kule Lincolnshire ilipiga 40.3, haijawahi kutokea nchi hii. Dar unayoisema wewe ikizidi sana ni 34, 35. Na nyumba ya kwenu ina dari juu, madirisha pande mbili, baraza. Ya huku imejengwa ikamate joto, ukuta una sufi ndani, dirisha linafunguka kiganja kimoja, feni madukani zimekwisha. Mimi niliyekulia Tanga nilikaa kwenye beseni la maji na mtoto wa miezi saba mpaka saa nane usiku. Na reli zilijipinda treni zikasimama, wewe unayejiita chuma cha reli.

Chuma cha Reli
Sasa matusi ya nini, nimetoa maoni.

Kijukuu_Mzizima
Hajakutukana mkuu. Ufaransa 2003 walikufa watu kama 15,000 kwa joto, wengi wazee. Hiyo siyo kudeka.

Mama Neema BC
Nimesoma huu uzi tangu asubuhi nikawa nasita. Nipo Canada, British Columbia. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mwaka 2021 mwishoni mwa mwezi wa 6 lilitukuta lile joto, Lytton ikafika 49.6 tarehe 29 na kesho yake mji ule ukaungua moto karibu wote. Lakini ninachotaka kusema siyo Lytton.

Jengo letu halina AC, mengi huku hayakuwa nazo. Juu yangu gorofa ya nne aliishi mzee mmoja peke yake, madirisha yake yanatazama magharibi, jua la jioni lote lake. Kila mwaka ananiletea nyanya za kwenye ndoo zake za roshani. Jumatatu asubuhi kabla ya kazi nikapanda kumjulia hali. Akafungua mlango KAVAA SWETA. Nikamwambia mzee joto hili unavaa sweta, akasema mwili wake unasikia baridi, yuko sawa, niende kazini nisichelewe. Ndani kwake hewa ilikuwa imesimama kama ghala. Nikamfungulia dirisha, nikampa chupa ya maji, nikaenda. Mimi kazi yangu ni wazee jamani. Mimi najua mzee halisikii joto kama kijana, najua hata kiu haimjii. Nikasema nitarudi jioni.

Jioni nikagonga kimya. Msimamizi akaja na funguo. Alikuwa chini pembeni ya kitanda, bado anapumua, ngozi inachoma kama sufuria, maji niliyompa hajafungua. Dirisha kalifunga. Nikapiga namba ya dharura, simu inaita tu, watu wote wa mji walikuwa wanapiga saa hiyo. Nikalowesha mashuka na mwanangu tukamfunika, tukimpepea kwa boksi la karatasi, gari likachelewa mno. Wakati linafika alikuwa ameshakata roho mikononi mwetu.

Baadaye ripoti ikatoka, watu 619 mkoa mzima, karibu wote walifia ndani ya nyumba, wengi wakiishi peke yao. Kila nikiiona hiyo namba namuona na sweta lake.

Soja wa Doha
Pole sana mama. Sina maneno.

Binti Kigoma
Nimelia 😭 usijilaumu dada, wewe ndiye pekee uliyepanda kumgongea.

Mswahili wa Leeds
Pole sana dada. Kesho namgongea bibi wa hapa chini kwangu.

Chuma cha Reli
Pole mama. Na nyie wengine samahanini, niliongea haraka.

Nesi_Moro
Mama Neema ulifanya lililo sahihi, kupoza mwili kwanza huku unasubiri msaada. Mtu joto la mwili likifika 40 na akaanza kuongea ovyo, kama yule soja na mama yake wa Machakos, hicho ni kiharusi cha joto, siyo uchovu. Maji na upepo mwili mzima, barafu shingoni, kwapani na kinenani. Aliyezirai msimnyweshe, yatampalia.

Kijukuu_Mzizima
Mimi nilisikia ukiona ngozi kavu haina jasho ndio hatari.

Nesi_Moro
Kwa wazee mara nyingi ndiyo. Kijana anayebeba zege anaweza kuanguka huku jasho linamtiririka. Angalia akili yake, usiangalie jasho.

Fundi Nondo
Dawa ni chai ya moto. Babu zetu Lamu wanakunywa kahawa chungu mchana kweupe.

Binti Kigoma
Chai ya moto Kuwait mwezi wa 7, utamuua mtu Fundi. Maji baridi na chumvi kidogo.

Fundi Nondo
Mimi niliinywa miaka sita Jeddah na niko hapa.

Mwana wa Ukerewe
Madirisha je, mnafungua au mnafunga? Mama mmoja anasema funga, mwingine fungua.

MwanaPangani
Mchana funga na pazia, usiku fungua kama nje kuna nafuu. Quriyat usiku ule hapakuwa na pa kufungua.

Ummu Rayan
Nilihiji 2024 na mama yangu. Tarehe 17 mwezi wa 6 Makka ilifika 51.8. Tulikuwa na vibali, hema lina AC, basi lipo. Njiani tuliwaona waliokuja bila vibali, wanatembea kwa miguu juani, wengine wamelala pembeni na ihramu zao usoni. Waliotangazwa kufariki ni 1,301, wengi ni hao hao. Mama mpaka leo anawaombea watu asiowajua majina.

MwanaPangani
Allah awarehemu. Binti Kigoma, dada anauliza hiyo hita anaizima muda gani kabla ya kuoga?

Binti Kigoma
Aizime kiangazi chote asiiwashe tena. Akizima leo usiku kesho asubuhi maji yamepoa.

MwanaPangani
Kazima sasa hivi.