Hasira na kukosa usingizi baada ya kemo: ni moyo au ni dawa?

Muulizaji: Wadau, mgonjwa wetu yuko kwenye kemo (dawa kali za kutibu saratani) ya kila wiki tatu. Siku mbili za mwanzo halali, anafoka kwa jambo dogo. Siku ya nne au ya tano analia tu. Zikikaribia picha za CT, za kuangalia hali ya saratani, hofu inaanza upya. Akiambiwa "jipe moyo" ndiyo anazidi kuchukia. Tumsaidieje?

Mfamasia: Anzeni na vidonge. Deksamethasoni, steroidi inayotolewa kuzuia kichefuchefu, hukata usingizi na kuchemsha hasira. Ikisimama baada ya siku chache, wengine huporomoka. Huenda ndicho kilio cha siku ya nne. Andikeni kwenye daftari saa ya kumeza, saa alizolala, na dhiki kwa alama 0 hadi 10. Baada ya mizunguko miwili mtaona kama inajirudia. Muonyesheni daktari, mkiuliza kama dozi zinaweza kumezwa asubuhi, baada ya chakula. Asizipunguze mwenyewe.

Mshauri nasaha: Hofu ya majibu haifukuziki, ipangieni muda. Dakika 15 alasiri, mbali na kitanda, aandike yote yanayomtisha, kisha atenge ya kumuuliza daktari na yale yasiyo na jibu leo. Hofu ikirudi usiku, ajiambie itasubiri alasiri. Wengi huacha zoezi hili wakipata nafuu, na hapo ndipo usiku unapowashinda.

Pumzi pia: avute kwa hesabu ya 4, atoe kwa 6, dakika 5. Akihisi kizunguzungu au ganzi ya vidole, anavuta kwa nguvu mno. Na mchagueni mtu mmoja wa kujibu simu za jamaa. Kurudia habari ileile mara kumi kwa siku kunachosha kuliko tunavyodhani.

Muulizaji: Asanteni. Kuna aliyeshauri dawa ya mitishamba ya kuondoa huzuni.

Mfamasia: Msimpe kabla ya kuuliza. Wort ya St John, mmea unaotumiwa dhidi ya huzuni, kwa mfano, huharakisha ini kuziondoa baadhi ya dawa za saratani mwilini. Hata za hospitali zina mipaka: paroksetini, dawa ya sonona, hudhoofisha kazi ya tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, kwa hiyo anayeandika dawa ya sonona aione orodha nzima.

Muuguzi: Alama za dhiki zikikaa 4 au zaidi, au huzuni ikizidi wiki mbili, mwambieni daktari. Akitaja kutaka kufa, ni siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake. Akichanganyikiwa ghafla au homa ikifika 38 °C, msiite hofu: mpelekeni hospitali mara moja, hata usiku.