Naomba ushauri: LineageOS na programu ya benki

Hamjambo nyote. Niko Kayole, Nairobi, nauza nguo. Simu yangu iliacha kupata masasisho, nikaiwekea LineageOS, mfumo endeshi huria wa simu, unaotokana na Android, ulioanza 2016 baada ya mtangulizi wake, CyanogenMod, kufungwa. Jamani, imekuwa nyepesi! Kibodi inafunguka papo hapo, matangazo yametoweka, chaji inafika jioni. M-Pesa naipata kwenye menyu ya laini bila shida. Ila programu ya benki inagoma kufunguka, eti simu si salama, na ndiyo kwanza imepata masasisho ya usalama! Nimejaribu microG, yaani mbadala huria wa huduma za Google, kisha huduma kamili za Google, wapi.

Je, kuna njia ya kuifungua bila kurudisha mfumo wa zamani? Na kuna mfanyabiashara hapa anayetegemea mfumo huria kila siku?