Benga kwa sauti ya gemu za katriji: mnaonaje?

Fundi Katriji, Kisumu

Wadau, naomba masikio yenu. Narekodi filamu fupi, dakika kumi hivi, kwa simu tu, kuhusu binamu wawili wanaogombania padi moja kwenye kibanda cha gemu huku Nyalenda. Waigizaji ninao, kibanda ninacho (mwenyewe anataka tu jina lake lisomeke mwishoni, tena kwa herufi kubwa), na hadithi haina utata. Kinachonitoa jasho ni muziki.

Sitaki ile midundo ya kupakua bure ambayo imeshapita kwenye kila video ya harusi na kila tangazo la ploti. Nataka benga, muziki wetu wa magitaa. Lakini iwe benga inayotoka ndani ya gemu yenyewe, kwa sauti ya zile mashine za katriji za njano tulizochezea kabla PlayStation haijaingia mtaani.

Kwa asiyezijua: nyingi zilikuwa nakala za Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983. Chipu yake ina njia tano za sauti, basi. Mbili ni za wimbi la mraba, moja ya wimbi la pembetatu, moja ya kelele tupu, na ya mwisho inachezesha vipande vifupi vilivyorekodiwa. Sasa panga bendi ya benga: gitaa la solo, gitaa la pili, besi, ngoma. Wote wanaingia na nafasi inabaki! Anayekosa kiti ni mwimbaji, na kusema kweli simlilii. Kwangu mimi benga huwaka pale mwimbaji anaponyamaza na magitaa yakaachiwa uwanja, ile sehemu wanamuziki wanaiita klaimaksi. Filamu yangu ina maneno machache, kwa hiyo nataka klaimaksi mwanzo hadi mwisho.

Natumia FamiStudio, programu ya bure ya kutunga muziki wa sauti hizo, kwenye laptopu ambayo mteja alinilipa nayo badala ya pesa. Gitaa la solo nimelipatia wimbi la mraba lenye upana wa asilimia 25, maana la 50 linatoa sauti ya filimbi na la 12.5 ni jembamba mpaka linakwaruza. Noti ziko sawa, kasi iko sawa. Lakini nikiwachezea vijana pale kibandani, hakuna bega linalotikisika. Wananiambia "poa" na kurudi kwa gemu yao. Wapiga benga mlioko humu, ninakosa nini?

Mengine mawili ya haraka. TV ya kibanda ni ya zamani, ile yenye mgongo mnene, na nikiielekezea simu inaonyesha utepe mweusi unaopanda juu pole pole. Pia mjomba wangu ana santuri za benga za miaka ya sabini. Naruhusiwa kuweka sekunde chache za mojawapo kwenye majina ya mwanzo?

Besi ya Pili, Kisumu

Omera, tatizo lako nalisikia hata kabla sijausikia wimbo. Umeanza na solo, sivyo? Kila anayetoka kwenye gemu na kuingia kwenye muziki huanza na solo, kwa sababu ndiyo anayoikumbuka kichwani.

Anza na mguu. Gitaa la benga lilijifunza kuongea kwa nyatiti. Nyatiti ina nyuzi nane, mpigaji amekaa chini, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma, oduong'o, anayogonga nayo kwenye ubao wa chombo, na mguuni ana njuga, gara. Mtu huyo ni bendi nzima peke yake, na mikono yake inaufuata mguu. Wewe umeupa mguu likizo. Chukua ile njia ya kelele, andika gara peke yake, mizunguko mirefu, mpaka wewe mwenyewe uanze kutikisa kichwa. Usipotikisa, futa. Ikikubali ndipo uingize besi.

Nikija kwa besi, nivumilie, ndiyo kazi yangu. Naamini umeiweka kwenye pembetatu. Nijuavyo mimi njia hiyo haina kidhibiti cha sauti kubwa na ndogo: inalia au imenyamaza. Wengi wanaiona ni kasoro. Kwa benga ni baraka, kwa sababu besi yetu inaishi kwa kunyamaza. Inaruka noti tatu nne, inaacha shimo, inaruka tena. Kata kila noti mapema kuliko unavyodhani inafaa.

Halafu gitaa la pili. Halipigwi kwa kukwangua nyuzi zote pamoja, hudonolewa uzi mmoja mmoja, na linajibu pale solo linapovuta pumzi. Kama magitaa yako mawili yanaanza na kumaliza pamoja, huna benga, una kwaya.

Dada wa Kamera, Nakuru

Mimi benga naicheza kwa miguu tu, hiyo nawaachia wenyewe. Nije kwa utepe mweusi.

Simu nyingi zinarekodi picha 30 kwa sekunde. Stima yetu ni ya mizunguko 50 kwa sekunde, na TV za zamani za huku ni za mfumo wa PAL, zinazochora skrini mara 50 kwa sekunde. Namba hizo mbili hazigawanyiki vizuri, ndiyo maana utepe unatembea. Weka kamera kwa picha 25 na shata, yaani muda wa kila picha kupata mwanga, kwa 1/50 ya sekunde. Kama kamera iliyokuja na simu haikuruhusu, jaribu Blackmagic Camera au Open Camera, zote ni za bure, ingawa kuna simu zinazokataa 25 hata ufanye nini. Ukipata 25, hata mwanga wa zile taa ndefu za mirija utaacha kutetemeka. Kuna jambo moja tu la kuangalia: diski ya gemu ikiwa ya NTSC, mfumo mwingine wa TV, mashine inatoa 60, na hapo ndipo unarudi kwa 30 na 1/60. Uliza mwenye kibanda, ingawa mara nyingi hajui.

Lakini ningekuwa wewe nisingehangaika na skrini hiyo sana. Skrini haiigizi. Mweke mtazamaji mbele ya nyuso za hao binamu, mwanga wa TV ukiwapiga, na muziki wako wa katriji utamwambia kila kitu kinachotokea kwenye gemu. Nani amefungwa ataonekana kwenye taya. Na nembo za timu zilizomo kwenye gemu za mpira zina wenyewe, kwa hiyo umeepuka mawili kwa mpigo mmoja.

Tena, kabla ya kuhariri pitisha video za simu kwenye programu ya HandBrake uziweke kwa kasi isiyobadilika. Simu hupunguza na kuongeza picha kimyakimya, hasa gizani, na dakika chache baadaye mdomo na sauti havipatani. Huku juu Menengai napambana na upepo, nafikiri na nyinyi mna wenu wa ziwani, lakini kibandani adui yako atakuwa pikipiki. Rekodi sauti ya chumba kitupu nusu dakika, utaihitaji kuziba mapengo.

Fundi Katriji, Kisumu

Dada, asante, 25 na 1/50 imekubali kwenye simu ya pili, ile ya mke wangu. (Sasa yeye ndiye mtayarishaji, kwa sababu simu haitoki nyumbani bila yeye.) Wazo la nyuso nalipenda, ila kuna goli moja lazima lionekane. Siwezi kulitoa, hadithi yote imeegemea hilo.

Besi, nimefanya ya mguu. Gara kwanza, besi baadaye, solo mwisho kabisa. Kuna kijana aliuliza ni gemu gani hiyo inapigwa muziki. Hilo kwangu ni tuzo.

Ila limezuka jipya, na hili nalijua kwa kazi yangu ya ufundi. Watakaoiona filamu wataiona kwa simu. Spika ya simu ni ndogo kuliko ukucha wangu, sauti nzito haiwezi kuisukuma. Besi ya gitaa la kweli hupona, kwa sababu ina sauti ndogondogo za juu zinazoambatana nayo, na sikio linajijazia chini yenyewe. Wimbi la pembetatu limejaliwa chache mno za hizo. Kwa hiyo kwenye laptopu besi inaongea, kwenye simu imehama nchi. Nimeipandisha okteva moja, ikasikika, lakini sasa inagongana na gitaa la pili.

Besi ya Pili, Kisumu

Pandisha gitaa la pili, usiguse besi. Kwani nani alisema watu wa simu ndio wakuamulie wimbo? Anayetaka besi avae visikizio.

Ngoma Tatu, Kakamega

Ndugu zangu, hapo sikubaliani na mkubwa wa besi. Wimbo usiosikika ni sawa na ambao haukupigwa. Fundi, mbona ile njia ya tano umeiacha imelala? Rekodi mgongo wa kidole ukigonga besi ya kweli, au hata ubao, kikohozi kifupi tu cha mwanzo wa noti, uweke pale kila besi inapoanza. Sikio litashika kikohozi hicho kwenye simu na kuamini besi ipo. Pembetatu libaki chini lilipo, kwa ajili ya wenye spika.

Njia hiyo ni bahili: kila kipande kisizidi kilobaiti nne hivi, ambazo kwa kasi yake ya juu ni kama sekunde moja. Inatosha kabisa. Mimi nafundisha ngoma shuleni, na nimewahi kuingiza isukuti humo. Kwa njia ya kelele haiwezekani, kwa sababu isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina kimo chake. Ukizigeuza kelele umeziua. Lakini vipande vitatu vifupi vilivyorekodiwa, vikipokezana, jamani! Sauti inatoka chafu, yenye mikwaruzo, na inapendeza hivyo hivyo. UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, mwaka 2014. Sidhani walifikiria ulinzi wa aina hii.

Jambo la nyongeza: noti za FamiStudio zimepangwa kama za piano. Nyatiti haikazwi hivyo. Shusha au pandisha kidogo noti mbili tatu za solo, kidogo tu, mpaka zikaribie kukukera.

Karani Mstaafu, Ahero

Mwanangu Fundi, santuri za mjomba zina haki mbili na usizichanganye. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, rekodi yenyewe inalindwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Iliyorekodiwa 1974, ulinzi huo ulikwisha mwisho wa 2024. Lakini utunzi, yaani wimbo wenyewe, unalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Mfano, mtunzi wa benga D.O. Misiani wa Shirati Jazz alitutoka 2006. Kwa hiyo tungo zake zitalindwa hadi mwisho wa 2056, hata kama santuri imechakaa mpaka haichezi. Na sekunde chache ni matumizi pia, msidanganyane na hadithi za sekunde kumi za bure.

Kwa hiyo utahitaji ruhusa ya warithi au ya aliyeshika haki. Anzia KECOBO, ndiyo bodi ya hakimiliki. Na usikimbilie nyimbo za jadi ukidhani hazina mwenyewe, kuna sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Mtindo wa benga hauna mmiliki, lakini. Tunga chako.

Filamu ikionyeshwa hadharani, sheria ya filamu, Sura ya 222, nayo ina masharti yake ya leseni na uainishaji. Waulize KFCB, bodi ya uainishaji wa filamu, kabla, si baada.

Fundi Katriji, Kisumu

Mzee, shikamoo na asante. Santuri zitabaki kwa mjomba. Majina ya mwanzo yatapita juu ya gara peke yake, na besi itaingia jina la mwenye kibanda likitokea. Huo ndio mkataba tuliofikia naye.

Mwalimu wa Kakamega, nimejaribu kugonga meza ya kibanda changu na imetoa sauti ya meza. Nahitaji besi ya kweli. Besi ya Pili, nasikia wewe unayo.

Besi ya Pili, Kisumu

Ninayo. Sijakubali hoja ya simu, lakini gitaa halikatai kugongwa. Jumapili asubuhi niko upande wa Kibuye, soko likiwa limejaa hatutasikilizana, kwa hiyo njoo mapema tuingie kwa ndugu yangu pale nyuma, kuna chumba kina magodoro ukutani. Njoo na laptopu, na utafute adapta ya jeki kubwa kwenda ndogo. Kebo yangu haiingii popote kwenye vitu vyenu vya siku hizi.

Fundi Katriji, Kisumu

Adapta ninazo kwenye ndoo. Nikulete na mtayarishaji?

Besi ya Pili, Kisumu

Mlete. Nani atarekodi picha?