SAT 1390: mdogo wangu aipeleke au aifiche?

Wakuu, salaam. Mdogo wangu kamaliza form six mwaka huu, PCM, One ya 5, shule ya serikali huku Nyanda za Juu Kusini. Kichwa anacho, hela ya ada kwetu haipo, ndiyo maana anatupa ndoano kwenye vyuo vya Marekani. SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, kafanya mara moja, Dar, kwa nauli ya kuchangishana. Kapata 1390: Hesabu 740, Kusoma na Kuandika 650.

Orodha yake ni Dartmouth, Bowdoin na UCLA. Rafiki yake kamwambia chini ya 1500, ficha, yaani omba bila kuipeleka. Mimi hata hiyo kuficha siielewi. Kwetu NECTA wakishatoa matokeo, mpaka jirani anajua umepata ngapi! Naombeni ushauri.

Fundi Saa:
Mkuu, Dartmouth lazima apeleke mtihani, ingawa kwa anayesoma nje ya Marekani matokeo ya mtihani wa taifa nayo yanaweza kukubaliwa badala ya SAT. Sharti la SAT walilisitisha 2020 wakati wa korona, wakatangaza kulirudisha 2024. UCLA ndiyo kinyume: vyuo vyote vya University of California havitazami SAT kwenye udahili, hata uwapigie magoti. Na pale msaada wa fedha kwa mgeni ni wa kutafuta kwa tochi, mimi ningekifuta. Swali lako limebaki zaidi Bowdoin. Hao SAT kwao ni hiari tangu 1969, korona haijawafundisha kitu.

MamaTumaini:
Afiche. Binti yangu tulificha 1280 na akachukuliwa, hakuna aliyemuuliza. Hiari ni hiari.

Chekecha:
Dada, samahani, binti yako alisoma wapi?

MamaTumaini:
Hapa hapa Texas.

Chekecha:
Basi ndiyo tofauti. Shule ya binti yako wanaijua, walimu wake wanawajua, wamekwisha kupokea watoto kutoka pale. Huyu dogo anatoka shule ambayo msomaji wa fomu huenda hajawahi kuisikia, na "One ya 5" lazima aelezwe kwamba ndogo ndiyo kubwa. SAT ndiyo rula pekee waliyoizoea. Ukiiondoa, unamwachia abahatishe.

Halafu hiyo 1500 ya rafiki yake ina mtego. Vyuo vingi hutoa takwimu za kila mwaka zinazoitwa Common Data Set. Nenda kipengele C9, cha alama za mitihani. Kwenye chuo cha hiari, zile alama ni za waliopeleka tu. Walioficha hawamo, kwa hiyo namba zinavimba. Dartmouth wenyewe walipochunguza waligundua kuna watoto wa mazingira magumu walioficha alama ambazo zingewabeba, kwa sababu chuo hulinganisha alama na shule mtoto anayotoka.

Mimi napeleka. Ile 740 ya Hesabu, kwa mtoto wa shule ya kata au ya serikali, siiachi kabatini.

Mla Mbaazi:
Chekecha uko sahihi kwenye Hesabu, ila hiyo 650 nayo wataiona, na Bowdoin ni chuo cha kusoma na kuandika insha hadi uchoke. Anataka kusoma nini? Kama ni fizikia, apeleke. Kama ni historia, ningesita.

Fundi Saa:
Jambo moja tumelisahau. Dartmouth na Bowdoin, tangu 2022, havimchuji mwombaji wa nje kwa kuangalia mfuko wake, na akikubaliwa wanaziba pengo la ada. Kwa hiyo hapo ndipo pa kuweka nguvu. Anaweza kurudia?

Mleta uzi:
Fizikia, wakuu. C9 ya Bowdoin tumeifungua jana usiku. Kweli waliopeleka si wote. Nimemwambia asifiche. Yeye sasa anang'ang'ania kurudia Desemba, anasema ile 650 ilimponyoka kwa sababu alifika Dar alfajiri na basi, hajalala, akaingia chumba cha mtihani moja kwa moja. Majibu huchukua kama wiki mbili, atawahi. Safari hii tunatafuta ndugu wa kumlaza Mbagala siku mbili kabla. Mwenye vitabu vya Kusoma na Kuandika asivyovitumia, PM.