Ahadi za nchi kupunguza hewa ukaa: mnajuaje ipi ya kweli na ipi ya kupigia picha?

Binti Kilosa:
Wakuu habari za jioni. Nimepewa kazi ya kulinganisha ahadi ambazo nchi zimepeleka Umoja wa Mataifa chini ya Mkataba wa Paris wa 2015, niseme ipi ina makali na ipi ni danadana. Nikajua kazi ndogo, napanga asilimia kutoka kubwa kwenda ndogo basi nimemaliza. Sasa nikiangalia za 2030, Umoja wa Ulaya 55%, Marekani ya Biden 50 mpaka 52, Uturuki 41, Kenya 32, Tanzania 30 mpaka 35, Urusi 30. China ye kasema utoaji wake utafika kilele kabla ya 2030 alafu ndo ashushe. Kwa orodha hii Uturuki kamuacha Kenya mbali na sisi Tanzania tunalingana na Mrusi au tunampita, ila moyo unakataa kabisa. Mnapimaje hivi vitu? Msinipige na lugha za kitaalamu sana jamani.

Kibatari:
Dada hiyo orodha futa kwanza. Asilimia 55 ya nini? Ulaya wanapima toka 1990, Marekani toka 2005, Japani toka 2013, na hakuna aliyeokota mwaka wake hivi hivi. Japani baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima 2011 walizima vinu vya nyuklia wakarudi kwenye gesi na makaa ya mawe, 2013 moshi ukawa juu, sasa ukianzia kupima hapo ile ahadi yao ya kupunguza 46% ifikapo 2030 inapendeza. Mrusi ndo kiboko, naye anapima toka 1990, Usovieti bado upo na viwanda vyake vinafuka, ulipovunjika viwanda vikafa na utoaji ukaporomoka wenyewe bila sera yoyote, ukihesabu na misitu yake inayofyonza hewa ukaa alishapita hiyo 30% zamani sana, yaani anaweza kuongeza uchafuzi na bado akasema ametimiza. Ulaya nao wasijifanye, viwanda vya Ujerumani Mashariki vilivyofungwa baada ya ukuta wa Berlin kuanguka vimo humo humo kwenye hesabu yao, ila angalau wenzetu waliendelea kushuka.

Alafu kuna hao kina Uturuki ambao hawapimi toka mwaka wowote uliopita, wanapima toka makadirio ya "tusipofanya kitu". Alisema asipofanya kitu 2030 atatoa tani milioni 1,175, akipunguza 41% anabaki na kama 695. Sasa mwaka 2020 alikuwa anatoa kama 524. Umeona hapo? Anapunguza huku anapanda theluthi nzima. Ni yule muuza viatu wa Kariakoo anaanza na elfu 80 ili akikuachia kwa 45 uone umependelewa, kumbe mwenzako kachukua kwa 30.

Wewe geuza kila ahadi iwe tani za mwaka 2030, weka pembeni tani za miaka ya karibuni, gawanya na kwa idadi ya watu. Mengine mapambo.

Mshoka:
Mapambo ndo mkataba wenyewe huo. Kila nchi inajipangia, ikishindwa hakuna faini wala mahakama, wanachodaiwa ni kupeleka karatasi mpya kila baada ya miaka 5. Trump kajitoa mara 2 na nani kamfanya nini? Mnapima makali ya kisu cha plastiki.

Mwana wa Naivasha:
Kibatari nakubaliana na wewe sehemu kubwa ila usituweke Kenya kapu moja na Uturuki. Ni kweli sisi pia tunapima kwa makadirio, tani milioni 143 mwaka 2030, toa 32% zinabaki kama 97, na 2010 tulikuwa kwa 73. Kwenye karatasi tunapanda, sikatai. Lakini Mkenya mmoja moshi wake wa mafuta na makaa haufiki nusu tani kwa mwaka, Mmarekani mmoja anacheza kwa 14. Na stima yetu karibu 90% ni jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo, sasa mnataka tupunguze wapi tena? Kilichobaki ni ng'ombe, mashamba na misitu, na hiyo ndiyo riziki ya watu.

Mleta mada, angalia pia masharti. Ahadi yetu ya 2020 inasema gharama ya kupunguza tutabeba 21% wenyewe, hiyo ingine yote tunangoja watu wa nje. Pesa isipokuja usishangae ile 32 ikiyeyuka. Kwa hivyo kwa jedwali lako weka safu ya "kwa pesa ya nani".

Binti Kilosa:
Asanteni sana, hii ya pesa ya nani sikuiwaza kabisa. Kibatari nimejaribu hesabu yako kwa Tanzania nimekwama. 2015 tuliahidi 10 mpaka 20, 2021 ikawa 30 mpaka 35, hapo si tumeongeza makali? Na mbona China mnamkwepa?

Mzee wa Gridi:
Ya kwetu nayo ni ya makadirio, na hewa ukaa yetu nyingi haitoki kwenye bomba la kiwanda, inatoka kwenye miti inayokatwa, na hapo ndo hesabu inavutika utakavyo. Mkaa unaoingia Dar alfajiri kwenye pikipiki, magunia matatu yamefungwa kamba za tairi mpaka dereva kakalia tenki, ule hauna risiti, nani kauhesabu? Ukikosea kidogo kwenye misitu asilimia zote zinahama. Mi ningepima vitu vinavyoshikika, mfano mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka 80% ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, hiyo hata kwa kuhesabu mitungi na majiko utajua.

China anavuruga kila kipimo. Ahadi yake ya 2030 ni kupunguza kaboni kwa kila kiasi cha uchumi kwa zaidi ya 65% toka 2005, sasa uchumi ukikua mara 4 na 65 ukaitimiza, tani bado zimepanda 40%. Kwa karatasi ni dhaifu. Ila huyo huyo alilenga gigawati 1,200 za jua na upepo ifikapo 2030 akazifikisha 2024! Septemba 2025 ndo katoa ahadi ya kushusha tani zenyewe, 7 mpaka 10% chini ya kilele ifikapo 2035, na kilele chenyewe hakusema ni ngapi, mjanja. Kwahiyo toa alama mbili, ya ahadi na ya utekelezaji, usizijumlishe. Hata ripoti ya 2025 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inatenganisha, ahadi zote zikitimia joto la dunia karne hii linafika nyuzi 2.3 mpaka 2.5 juu ya lilivyokuwa kabla ya enzi za viwanda, kwa sera zilizopo 2.8.

Mshoka:
Na mkataba unataka chini ya 2, wajitahidi 1.5. Yaani hata wote wakiwa waaminifu hatufiki. Nilisema.

Kibatari:
@Mwana wa Naivasha kapu sijawaweka, ila hicho kipimo cha kwa kichwa kina wengine watapitia humo humo. India mtu mmoja ana kama tani 2 tu, anasema atafika sifuri 2070, yaani hewa anayotoa isizidi inayofyonzwa, na ni wa tatu duniani kwa kutoa. Huyo dada amuweke wapi?

Mwana wa Naivasha:
Amuweke juu ya Mmarekani, hapo sina shida kabisa.