Blanketi la vipande vya vitenge: mlioanza kushona, tupeane uzoefu

Uyole: Leo fundi mmoja pale Mwanjelwa kanipa mfuko mzima wa mabaki ya vitenge. Nataka bloku za miraba tisa, mitatu kwa mitatu. Mliopitia, pembe mlizikutanishaje?

Makete: Umenikumbusha mbali. Wifi yangu alikuwa ajifungue mwezi wa saba, na baridi ya huku mnaijua, asubuhi nyasi nyeupe kwa sakitu. Nikakata miraba, mdogo wake akanisaidia mingine kwa futi yake. Usiku naunga mistari: wa kwanza sawa, wa pili mfupi, wa tatu umepitiliza. Nafumua, nashona, nafumua tena, mpaka kitambaa kikaanza kuchanika ukingoni. Alfajiri nikazilaza futi zote mbili mezani. Ile ya kwake ilikuwa imevutika kwa uzee, namba hazikutani! Nililia. Mtoto kapokelewa na blanketi la dukani.

Tukuyu: Pole sana dada. Futi za kitambaa zinavutika kweli.

Mafinga: Futi moja mwanzo mpaka mwisho. Na tuliozoea magauni mkono unaacha sentimita 1.5 pembeni, huku ni robo inchi tu. Miraba ya inchi 2.5, bloku itoke inchi 6.5. Ikitoka 6, mishono imekula sana. Bandika plasta kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, kitambaa kipite kikiigusa. Halafu pasi: mstari wa kwanza laza mishono kulia, wa pili kushoto, pembe zikikutana zinashikana zenyewe.

Njombe: Mimi nafungua mshono pande zote mbili. Kitenge kizito ukikilaza upande mmoja kinatuna.

Mafinga: Ukifungua, pembe zinateleza.

Njombe: Zangu hazitelezi. Nabana kwa pini.

Iringa mjini: Pasi ikandamizeni tu, msiisukume, mraba unageuka mstatili. Ila turudi Makete, wifi alisemaje?

Makete: Nilikata upya yote. Lilimfikia mtoto akiwa anatambaa, na mpaka leo halali bila hilo.

Tukuyu: Afadhali!

Mbalizi: Fueni kabla ya kukata. Kanga mpya inarudi, na nyekundu inachuja.

Njombe: Ukifua inalegea, haikatiki vizuri.

Mbalizi: Ipige pasi na wanga kidogo, inakaza.

Uyole: Basi kesho nafua. Wanga wa muhogo unafaa?