Kama hununui kiatu, inboksi yangu unatafuta nini?

Wadau, leo sina hata salamu. Nauza vitenge na viatu vya mtumba soko la Owino, hapa Kampala, na wateja wengi nawapata mtandaoni. Namba ya simu naiweka chini ya kila picha. Ni ya biashara, jamani!

Jana mmoja kaanza vizuri. "Dada, ile raba nyeupe namba 42 ipo?" Ipo. "Bei?" Shilingi 60,000. Nikamwacha mteja kasimama mbele yangu, nikaipiga picha juu, ubavuni, hadi soli, nikamtumia zote nne. Kimya. Baada ya dakika kumi: "Na mwenye raba naye bei gani?" Na emoji ya kukonyeza juu yake. Nageuka, yule mteja wa kweli keshaondoka.

Huyo afadhali. Wiki iliyopita mwingine kaagiza vitenge vitatu vipelekwe Ntinda, atalipa vikifika. Boda kaenda na foleni yote ile. Jamaa kachungulia getini, kamwambia, "Nilidhani analeta mwenyewe," karudi ndani. Boda nimemlipa mimi, kwenda na kurudi, na kitenge kimoja kimerudi kimelowa mvua.

Halafu kuna hawa wa "umelala?" saa sita usiku. Tulipowekewa ile kodi ya mitandao Julai 2018, shilingi 200 kwa siku, nilijua watapungua. Wapi! Ilipoondolewa 2021 ikaja asilimia 12 kwenye bando, nao wapo tu. Facebook nayo serikali iliifunga hapa Uganda Januari mwaka huohuo. Mtu anahangaika na VPN, ile programu ya kupenya mitandao iliyofungwa, inazunguka weee, ikikubali anakuja kuniandikia "hi". Hi ya nini?

Na msiniambie eti mbona napiga picha nimevaa. Kitenge kilichokunjwa nani atakinunua?

Sikatai watu kutongozana inboksi. Mdogo wangu mumewe alimpata hukohuko, ila yule alisema siku ya kwanza: nimekuona, nimekupenda, una mtu? Akajibiwa. Hakujificha nyuma ya kiatu.

Kuanzia leo boda unamlipa kabla hajawasha pikipiki, na picha natuma moja tu. Raba namba 42 bado ipo. 60,000, haipungui.